Kabla Hamjakilaumu Kidonge cha Kolesteroli

Jumapili shangazi alitupia sauti ndefu kwenye kundi la familia. "Niliwaambia mimi! Hizo dawa za kolesteroli zinakula nyama ya mtu akiwa hai!" Zikafuata amina, mikono ya kuomba, kisha binamu mmoja akapachika video ya bwana aliyevaa koti jeupe anayeeleza kwamba statini, yaani hizo dawa za kolesteroli, ni njama ya wazungu. Hayo ningeyavumilia, maana kundi lile limeshavumilia mengi. Ila jioni mjomba, ambaye kiharusi kilimpitia na mkono wa kushoto bado mzito, akaandika kwa ufupi: "Zangu nimeshatupa chooni." Hapo nikashindwa kunyamaza.

Nianze na kilichompata baba mdogo, kwa kuwa ndicho kilichowasha moto wote huu. Ana presha na sukari. Kwa miaka amekuwa akimeza simvastatini, statini yake, ya miligramu 40 usiku na amlodipini ya presha asubuhi, na kila akipima lehemu majibu yanampendeza hadi anatuonyesha karatasi bila kuombwa. Kisha tumbo likaanza kumchoma. Akaenda famasi ya jirani, akapimwa haja kubwa, akaambiwa ana wale bakteria wa vidonda vya tumbo, akapewa boksi la HP, yaani dawa za kuwaua bakteria hao. Mnalijua. Siku hizi ukilalamika kiungulia mara mbili tu mtaani kwetu, boksi la HP linakusubiri. Asubuhi na jioni, siku 14, usikatishe dozi. "Mzee, una aleji na dawa yoyote?" Hana. Lipa pale.

Hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani nyingine. Naye hakusema, kwa sababu hakuulizwa, na ni mwanajeshi mstaafu: akiambiwa meza, anameza. Zile za tumbo akameza, simvastatini akameza, amlodipini akameza. Kabla boksi halijaisha mapaja yakaanza kuuma, akadhani ni malaria. Baadaye akawa hawezi kuinuka kwenye kochi bila kushikwa mkono, na mabega yakagoma hata kuvaa shati. Alipokojoa mkojo wa rangi ya kokakola ndipo mama mdogo alipopiga kelele na gari likatafutwa. Hospitali walimpima CK, kile kipimo kinachoonyesha misuli inapovunjika, na majibu yalikuwa makubwa kiasi kwamba walirudia kupima wakidhani mashine imekosea. Dripu juu ya dripu, ili uchafu wa misuli usizibe figo. Mungu saidia, figo zilistahimili. Amerudi nyumbani, anatembea, anagomba.

Familia imeshatoa hukumu: muuaji ni kidonge cha kolesteroli. Hakuna hata mmoja aliyelitazama lile boksi.

Ndani ya mengi ya maboksi yale mna antibayotiki iitwayo klarithromisini. Simvastatini huvunjwavunjwa na kimeng'enya fulani cha kwenye ini na utumbo, wataalamu wanakiita CYP3A4. Klarithromisini inakifunga mikono kimeng'enya hicho. Simvastatini uliyomeza jana haijavunjwa, ya leo inaingia juu yake, na kiwango kwenye damu kinaweza kupanda takriban mara 10. Kwa hiyo mzee wetu hakuwa anameza miligramu 40. Ukipiga hesabu, mwili wake ulikuwa unapambana na kitu kama miligramu 400 kila usiku, dozi ambayo hakuna daktari duniani angethubutu kuiandika. Na hili si siri ya maabara fulani huko mbali: limeandikwa kwenye karatasi ya dawa yenyewe, kwamba simvastatini haichanganywi na klarithromisini. Wala eritromisini! Ile eritromisini ambayo kwetu inauzwa kwa kikohozi, kwa chunusi, kwa jino, kwa lolote. Wala ketokonazoli na itrakonazoli za vidonge, zile za fangasi. Kwa kawaida daktari akijua, atafanya jambo dogo tu: atasimamisha simvastatini mpaka dozi ile nyingine iishe, au atachagua antibayotiki isiyogombana nayo. Azithromisini, kwa mfano, haikifungi kimeng'enya kile kwa namna hiyo. Siku chache bila statini hazimuui mtu. Siku chache za hizo mbili kwa pamoja mmeona wenyewe.

Na nitasema jambo litakalowaudhi wengine: hata kabla ya boksi la HP mzee alikuwa ameshapewa dozi isiyofaa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza mwaka 2011 kwamba anayetumia amlodipini asizidishe miligramu 20 za simvastatini kwa siku, kwa sababu ile ile, amlodipini nayo inaipandisha, ingawa kidogo. Mzee alikuwa na 40. Nani asiye na amlodipini kwenye kizazi cha wazazi wetu? Fungua droo yoyote ya mzee mwenye presha uone. Dawa mbili, huenda kliniki mbili, huenda madaktari wawili wasiojuana, na kila mmoja ameandika vizuri kabisa upande wake.

Hiki ndicho kinachoniudhi kuliko video za binamu. Tunabishana kama statini ni salama au si salama, wakati swali la kuuliza ni iko pamoja na nini. Dunia ilishalipia somo hili. Agosti 2001 Bayer waliiondoa sokoni statini yao, serivastatini, iliyouzwa kwa jina la Baycol, baada ya watu kufa kwa misuli kuvunjika. Nchini Marekani vilikuwa vimeripotiwa vifo 31, na 12 kati yao walikuwa wanatumia pia jemfibrozili, dawa nyingine ya mafuta ya damu. Dawa ile ilikuwa na matatizo yake yenyewe, nakubali, dozi kubwa peke yake iliua. Lakini tazameni hao 12. Dawa mbili za mafuta, mgonjwa mmoja.

Kuna kundi jingine ambalo nataka kulisemea taratibu, bila kejeli. Watu wanaotumia ARV. Wengi sasa wako kwenye TLD, ambayo ina dolutegraviri, na hiyo haigombani na simvastatini. Lakini waliohamishiwa mstari wa pili, baada ya dawa za kwanza kushindwa, wenye atazanaviri au lopinaviri iliyoongezewa ritonaviri, hao simvastatini ni marufuku kwao kabisa. Sasa fikirieni mtu wa namna hiyo amesimama dirishani famasi, nyuma yake foleni, pembeni jirani yake anayemfahamu tangu shule ya msingi. Mhudumu anauliza kwa sauti ya sokoni, "Unatumia dawa gani nyingine?" Atajibu nini? Atajibu hatumii. Ningekuwa mimi ningejibu hivyo hivyo. Kwa hiyo ninapodai watu waulizwe, nadai pia waulizwe pembeni, kwa sauti ya chini, na mtu anayeelewa kwa nini anauliza. Na asidanganywe mtu kwamba mwenye virusi hapaswi kupewa statini. Utafiti mkubwa ulioitwa REPRIEVE, uliofika hadi Uganda, ulionyesha mwaka 2023 kwamba statini iitwayo pitavastatini ilipunguza mishtuko ya moyo, viharusi na mengine ya jamii hiyo kwa theluthi moja hivi kwa watu wanaoishi na VVU. Iwapo ni ile inayopatana na dawa zake.

Sasa nirudi kwa wale wa kundini.

Kwamba zinaua ini: madhara makubwa ya ini ni nadra sana, kiasi kwamba tangu 2012 FDA waliacha kudai vipimo vya ini vya mara kwa mara. Unapimwa kabla ya kuanza, kisha ukiwa na dalili. Zinapandisha sukari? Kidogo, hasa kwa aliyekuwa ameshafika ukingoni, hilo siwezi kulikataa. Lakini mshtuko wa moyo unapandisha jeneza. Mjamzito au anayetafuta mtoto amwambie daktari wake kabla ya kumeza chochote.

Maumivu ya misuli nayo yapo. Wako watu ambao mapaja yao kweli hayapatani na statini, na hao wasibezwe. Lakini kuna utafiti wa Imperial College London uliotoka 2020 ambao ningependa binamu auone kabla hajatuma video nyingine. Walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa kwa mwaka mzima, mwezi huu chupa ya statini, mwezi mwingine chupa ya vidonge vitupu visivyo na dawa, mwezi mwingine hakuna kitu, bila wao kujua vidonge vya mwezi huo ni vipi. Asilimia 90 ya usumbufu waliousikia wakiwa na statini waliusikia vilevile kwa vidonge vitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, hakuna aliyeigiza. Yaliletwa na hofu ya kumeza. Nusu yao walipoonyeshwa daftari lao wenyewe wakarudia dawa. Shangazi, hofu hiyo ndiyo unayoigawa bure kila Jumapili.

Na wale wa "mimi natumia za asili tu". Statini ya kwanza aliivumbua Mjapani, Akira Endo, miaka ya sabini, baada ya kupekua maelfu ya kuvu. Ilitoka kwenye ukungu. Asili gani mnataka zaidi ya hiyo? Kichekesho zaidi ni vile virutubisho vya mchele mwekundu wa Kichina vinavyouzwa kwa biashara ya mtandao. Kinachofanya kazi mle ni monakolini K, ambayo kikemia ni lovastatini yenyewe. Yaani mtu ametupa statini yenye dozi iliyopimwa, akanunua statini isiyojulikana kiasi, kwa bei mara kadhaa, na anatoa ushuhuda kwamba ameachana na dawa za hospitali. Na hiyo nayo ikikutana na klarithromisini hali ni ile ile. Balungi pia, kwa wanaopenda juisi yake glasi kubwa kubwa kila siku: linakizuia kimeng'enya kile kile cha utumbo, hivyo si la kutumia na simvastatini.

Mjomba, wewe nitakupigia, lakini acha niliandike hapa pia kwa kuwa wajomba wako wengi. Aliyewahi kupata kiharusi cha mshipa kuziba hamezi statini ili karatasi ya maabara ipendeze. Anameza ili kiharusi cha pili kisije, na kazi hiyo haina siku ya kuisha kama dozi ya malaria. Majibu yako ni mazuri kwa sababu unameza. Ukiacha, ndani ya wiki chache mafuta yanarudi yalikokuwa, na hutasikia chochote yakirudi. Tena wewe unatumia atovastatini, siyo simvastatini, na hata hujawahi kuumwa paja. Umetupa dawa yako kwa sababu ya boksi la tumbo la mtu mwingine.

Baba mdogo mwenyewe, mwenye haki kuliko sote ya kuzichukia, hajaziacha. Misuli ilipopona na CK kushuka, daktari alimwanzishia rosuvastatini, dozi ndogo, kwa kufuatiliwa. Hiyo haitegemei kimeng'enya kile. Ameonywa tu kwamba akinywa dawa ya maji ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu, aitenge kwa saa mbili baada ya kidonge, la sivyo nusu ya dawa inaishia njiani. Na akisikia misuli inauma bila sababu, inalegea, au mkojo umekuwa mweusi, asisubiri Jumatatu.

Najua wahudumu wa famasi mtanijia juu. Foleni ni ndefu, mshahara mdogo, mgonjwa mwenyewe hajui jina la dawa yake, anasema "kile cheupe cha mviringo". Sawa. Nakubali nusu. Wazee wetu na sisi wenyewe tutembee na picha za vidonge vyetu kwenye simu, vyote, pamoja na mizizi ya mama yule wa sokoni ambayo tunaona aibu kuitaja mbele ya daktari.

Lakini msiniambie kwamba mgonjwa angesoma karatasi. Karatasi ipi? Mnakata vidonge kumi kutoka kwenye boksi, boksi na karatasi yake vinabaki kwenu au vinaenda jalalani, na hata ingekuwepo imeandikwa Kiingereza kwa herufi za kutafutia miwani. Anachoondoka nacho mzee ni kibahasha cha kaki kilichoandikwa 1x2. Kibahasha kile kina nafasi tele upande wa nyuma. "Usimeze simvastatini mpaka umalize hii, kisha endelea nayo." Maneno nane, na kalamu tayari mnayo mkononi.