Tunasubiri Watu Wanne, Si Mmoja

Kaka yangu yuko Muscat mwaka wa 17 huu, na kila tukipigiana simu, tukishamaliza kuulizana hali ya mama na watoto, lazima aulize habari za mwimbaji wetu wa Uingereza: "Na Sade je? Ametoa albamu?" Namjibu bado. Hushusha pumzi, kisha tunaendelea na mengine. Hajachoka kuuliza, wala mimi sijachoka kujibu. Lakini maneno ninayoyasikia kwa mashabiki wenzetu siku hizi yananikera. Wanasema mama yule ametosheka na pesa zake. Wanasema amezeeka, hana tena la kuimba, na ametusahau sisi tuliompenda. Nataka kumtetea, na nitamtetea kwa jambo ambalo naona watu hawalipi uzito unaostahili.

Kwanza hesabu. Kuanzia Diamond Life ya mwaka 1984 mpaka Soldier of Love ya mwaka 2010, albamu za studio ni sita basi. Promise ilikuja mwaka mmoja tu baada ya ile ya kwanza. Halafu tulingoja miaka 3 tukapata Stronger Than Pride, miaka 4 tukapata Love Deluxe, miaka 8 tukapata Lovers Rock, na miaka 10 tukapata Soldier of Love. Sasa tumevuka 15. Kila safari ngoja ni ndefu kuliko iliyopita, na kila safari wapo waliosema basi tena, mambo yamekwisha. Walisema hivyo hata mwaka 2009. Februari ya 2010 albamu ikaingia sokoni, ikauza nakala zaidi ya 500,000 Marekani katika wiki ya kwanza, ikakaa namba moja wiki tatu. Watu walikuwa wamekaa miaka 10 bila albamu, na bado walikuwepo wanangoja.

Sasa hilo jambo lenyewe. Tunasema "Sade" tukimaanisha yule mwanamke mwenye paji la uso pana, nywele zilizovutwa nyuma na herini kubwa za duara. Jina ni lake kweli: Helen Folasade Adu, aliyezaliwa Ibadan, Nigeria, mwaka 1959, baba Mnigeria na mama Mwingereza, akapelekwa Uingereza angali mtoto mdogo. Lakini Sade ni bendi. Ni watu wanne, na wanne hao hawajabadilika tangu albamu ya kwanza: yeye, Stuart Matthewman anayepiga gitaa na saksafoni, Paul Denman wa besi, na Andrew Hale wa kinanda. Bendi ngapi unazijua zilizopita miaka 40 na watu walewale wanne? Pesa zimeingia, sifa zimeingia, watoto wamezaliwa, na bado hakuna aliyesimama akajiita Sade peke yake, wala aliyejitoa.

Matthewman na Denman walitokea Hull, mji wa bandari huko kaskazini mwa Uingereza. Mimi ni mtu wa Mombasa, na jambo hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Sade mwenyewe alikuwa amesomea ubunifu wa mavazi London, na kuimba kulimjia kwa kujaribu tu, akiwa mwitikiaji katika bendi kubwa iliyoitwa Pride. Humo ndimo walimokutana. Diamond Life waliirekodi kwa wiki sita. Walikuwa vijana, wako mji mmoja, hawana kitu, na wana nyimbo walizokwisha kuzipiga kwenye kumbi usiku baada ya usiku. Ukiwa hivyo, wiki sita zinatosha.

Leo kila mmoja ana mji wake na maisha yake. Ili albamu ipatikane, lazima wanne waache kila kitu, wakae nyumba moja, wale pamoja, wapige pamoja, mpaka lile jambo lao lirudi. Soldier of Love ilipatikana hivyo hivyo: walikutana kwa vipindi vya wiki kadhaa kwenye studio ya Peter Gabriel kule mashambani Wiltshire, wakatawanyika, wakarudi tena. Yeye hajafanya albamu na watu wengine hata siku moja. Wale watatu wamewahi, walipotoa albamu yao mwaka 1996 kwa jina la Sweetback wakati mwenzao amekaa kimya, na Matthewman akashiriki pia kutengeneza albamu ya kwanza ya Maxwell, mwimbaji wa Marekani. Lakini yeye angeweza kulipa watayarishaji kumi wa mjini, wampe midundo iliyo tayari, aimbe juu yake, auze. Hajafanya. Huwasubiri wenzake, nao humsubiri. Ndiyo maana sikubali aitwe mvivu.

Na yeye mwenyewe alishaeleza kwamba hurekodi pale anapohisi ana la kusema, na kwamba hana haja ya kutoa muziki kwa ajili ya kuuza tu. Naliamini neno lake kwa sababu albamu zenyewe zinalithibitisha. Sijapata kusikia wimbo wa kujazia nafasi katika Love Deluxe. Nyimbo tisa, dakika 46 hivi, na wa mwisho hauna hata neno moja la kuimbwa.

Hiyo Love Deluxe ndiyo iliyotuingia damuni mimi na kaka. Mwaka 1993 mjini Mombasa ulikuwa ukienda kwenye duka la muziki na kaseti tupu, unalipa, unarekodiwa. Kaka alikwenda na kaseti ya TDK ya dakika 60, maana ya 90 ilimshinda bei. Dakika 60 zingetosha, lakini upande mmoja ni dakika 30, na yule kijana wa dukani aliacha muziki uende tu mpaka utepe ukaisha. Ukaisha katikati ya wimbo wa sita, Cherish the Day. Gitaa linalia kwa mbali, besi ya Denman inatembea chini yake, sauti inapanda, halafu: tak. Kimya. Kijana akageuza kaseti, akaanza upande wa pili na wimbo wa saba.

Tulikaa na kaseti ile miaka. Tuliirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri. Utepe ulipoliwa na redio tuliukata tukauunga kwa rangi ya kucha ya dada. Mwisho wa Cherish the Day hatukuujua. Kaka alikuwa akiumalizia kwa mdomo, akiimba kile alichodhani kinafuata, na kila siku kilikuwa tofauti. Mwaka 2001 ndipo nilipoinunua albamu kwenye CD, nikaketi sakafuni, na wimbo ulipofika pale pa kukatika nikashika pumzi. Ukaendelea. Dakika moja na kitu tu, gitaa na sauti vikiagana taratibu. Nililia, sioni haya kusema.

Kwa hiyo mtu akiniambia kusubiri kunaua mapenzi, simwelewi. Kitu kikiwa kimetengenezwa kwa ukamilifu, hata kipande chake kilichokatwa kinakukaa moyoni miaka.

Upande wa pili wa kaseti yetu, basi, ulianza na Pearls. Hapa naomba nikae kidogo. Wimbo ule unamhusu mwanamke wa Somalia, yuko juani kando ya barabara, anaokota lulu. Nilivyouelewa mimi, lulu zile ni punje za nafaka, chakula cha mwanawe. Albamu ilitoka mwaka 1992, mwaka wa njaa ile kubwa. Huko kwingine duniani labda ilikuwa habari ya televisheni. Kwetu Kisauni haikuwa habari ya mbali. Watu walikuwa wameshuka kwa majahazi kutoka Mogadishu, Kismayu na Barawa, na kambi ya wakimbizi ya Utange ilikuwa jirani. Watu wa Barawa wana Kiswahili chao, Chimbalazi, na mamangu alikielewa nusu, nusu akakisia. Bi mmoja wao alikuwa akija kwetu kuteka maji, akikaa barazani kupumzika kabla ya kujitwika.

Siku moja kaseti ilikuwa ikicheza ndani. Mama akasikia neno Somalia, akaniita. "Huyo anasema nini?" Nikamfasiria kadiri ya Kiingereza changu cha kidato cha pili: kuna mwanamke, jua kali, anaokota punje, anaziita lulu, na maumivu yake ni kama ya viatu vipya. Yule Bi alinyamaza. Kisha akamuuliza mama, huyu anayeimba ni mtu wa wapi? Mama akasema ni Mwafrika wa Ulaya. Bi akatikisa kichwa, akasema: "Ameona." Neno moja tu. Akajitwika ndoo yake akaondoka.

Ninapodai albamu, nadai kitu cha namna hiyo. Wimbo mmoja mmoja tumepata. Mwaka 2018 zilitoka mbili, kila mmoja kwa ajili ya filamu, na mwaka huohuo Matthewman akasema bendi ilikuwa ikishughulikia albamu mpya. Mwaka 2022 tukasikia kwamba walikuwa miongoni mwa wa kwanza kurekodi katika studio ya Miraval kusini mwa Ufaransa baada ya kufanyiwa ukarabati. Aliyesoma jalada la Promise atalikumbuka jina hilo, maana huko ndiko walikorekodi sehemu ya albamu ile. Nilipopata habari hiyo nilimpigia kaka saa ya kazi, jambo ambalo silifanyi. Kisha Novemba 2024 ukaja Young Lion, mama akimwomba mwanawe radhi kwa kuchelewa kuuona mzigo aliokuwa ameubeba. Niliusikiliza mara nne nikiwa nimeegesha gari.

Sauti imeshuka. Ina mchanga kidogo sasa, na pumzi zinasikika zikivutwa. Wapo wanaolisema hilo kama kasoro. Mimi ndicho ninachokitaka. Sisi tuliomsikiliza Bi Kidude tunajua sauti iliyokula miaka inaweza kubeba nini, na hatuna sababu ya kumtaka mwanamke aliyezaliwa 1959 aimbe kama binti wa 1984. Binti wa 1984 tunaye, yuko kwenye santuri zake. Ninayemtaka ni huyu wa sasa, aliyelea, aliyezika, aliyekosea na kuomba radhi. Anieleze mapenzi ni nini ukishafika huko, kwa sababu na mimi nimevuka katikati ya njia na waimbaji wa kunieleza hawapo wengi.

Wanaotaka awashirikishe wasanii vijana ili apate soko, naomba wamwache. Najua ndivyo biashara inavyokwenda, na hapa kwetu msanii asipoachia wimbo miezi miwili anaulizwa kama yu mzima. Lakini ukiwaweka wageni watano ndani ya chumba cha wale wanne, nafasi inakwisha, na nafasi ndiyo muziki wao. Msikilize Hale anavyogusa kinanda: noti moja, anaiacha ife yenyewe, hana haraka ya kuleta nyingine. Msikilize Denman anavyorudia jambo moja la besi dakika tano bila kulipamba. Wanaweza hivyo kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake hatalijaza lile pengo. Hali hiyo haijifunzwi kwa mwezi mmoja, na mgeni aliyeletwa kwa siku mbili hawezi kuiingia.

Nami nimejiwekea sharti langu. Nimezoea vibaya miaka hii: wimbo mmoja njiani, nusu wimbo jikoni, simu ikilia naukata. Kijana wa dukani alitukatia wimbo mmoja, na mimi sasa najikatia zote mwenyewe. Tangu mwaka jana, kila Ijumaa usiku, watoto wakilala, nasikiliza albamu moja nzima tangu mwanzo hadi mwisho, taa ikiwa imezimwa. Mara ya kwanza niliishika simu kabla ya wimbo wa tatu. Sasa nafika mwisho. Nataka siku hiyo ikifika niwe najua tena kukaa.

Nilimwambia kaka habari hii wiki iliyopita. Tukakubaliana kwamba asiwepo wa kuonja hata wimbo mmoja kabla ya mwenzake. Tutapigiana, tutahesabu hadi tatu, tutabonyeza pamoja, yeye Muscat na mimi hapa, na hatutazungumza mpaka nyimbo zote ziishe. Akafikiri kidogo. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja.

"Na ikitoka usiku wa manane, umeshalala?"

Nikamwambia aniamshe.