Gari tumeliona, dereva je?

Nimesoma habari ya magari mapya ya wagonjwa nikiwa huku Liwale. Ahsanteni, ila mwandishi angeuliza pia dereva wa usiku ni nani na mafuta yanatoka wapi. Mwezi wa tatu shemeji yangu alianguka kutoka kwenye mkorosho, mguu ukavunjika. Rufaa tukaandikiwa saa mbili usiku. Gari lipo, limeegeshwa chini ya mwembe, dereva kaenda msibani! Tukaondoka saa kumi alfajiri. Barabara ya Nachingwea ni zaidi ya kilomita 100, na tope la masika mnalijua. Kufika, foleni ya eksirei mpaka saa tisa alasiri, barua ya rufaa tumeishika kama kadi ya harusi.

Wajawazito na vichanga wana m-mama, mpango wa usafiri wa dharura: unapiga 115 bure, gari la wagonjwa likikosekana anatumwa dereva aliyesajiliwa wa hukohuko, na analipwa. Mbona aliyevunjika mguu hana utaratibu kama huo? Naye mgonjwa jamani. Na kituo kinapotoa rufaa kipige simu kabisa hospitali, tusianze upya dirishani.