Mpangaji ndo benki ya mwenye nyumba

Mwaka jana mwezi wa kumi nilikuwa natafuta chumba, kimoja tu cha self, sio apatimenti wala nini, nikawa nataka Tabata kwa sababu kazini kwangu ni Buguruni na nilikuwa nakaa Chanika kwa dada. Anayekaa Chanika hahitaji kuelezewa. Usipotoka saa kumi na moja alfajiri hiyo foleni ya Gongo la Mboto utaikuta inakusubiri, na jioni ni hivyo hivyo, unafika nyumbani watoto wa dada washalala, unakula ubwabwa umepoa, unaoga, unalala masaa matano, unaanza tena.

Dalali wa kwanza kanipeleka na bodaboda, nauli yangu na yake nalipa mimi, na elfu kumi ya kuonyeshwa juu, hiyo hairudi hata usipopenda. Chumba chenyewe dirisha lipo, kweli, ila ukilifungua ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa jirani, na jirani kaanika boksa zake hapo kwenye msumari. Nikamuuliza dalali sasa hapa hewa inapita wapi, akanambia "bosi, feni si utanunua".

Cha pili ndo nilichopenda. Laki na nusu kwa mwezi, tailizi, maji yapo. Nikamwamkia mama mwenye nyumba, akaitikia marahaba mwanangu, karibu, kodi hapa napokea ya miezi sita. Nikaomba mitatu. Hakukasirika, akanishika mkono akanizungusha nyuma ya nyumba, kuna pagale la vyumba vinne limefika kwenye lenta, ndani majani yameota mpaka magotini na kuku wanataga humo humo. Akanambia "miezi mitatu itanisaidia nini mwanangu, fundi anataka mbao zote kwa pamoja, nikipokea vijihela vya mwezi mwezi naishia kununulia sukari."

Nililipa. Laki tisa ya kodi na laki na nusu ya dalali, milioni moja na hamsini, kwa mtu ambaye mshahara wake ni laki nne na nusu. Nusu nilitoa kwenye kikoba, dada akaongezea, iliyobaki nikakopa kwenye simu na nimeilipa kwa miezi minne huku nakula mihogo ya kukaanga mchana. Ila lile pagale halikunitoka kichwani, na ndo limenifanya niandike haya, maana siku zote nilikuwa nawaona wenye nyumba kama watu wenye roho mbaya tu.

Tuanze na hili la nyumba hazitoshi. Sensa ya 2012 Dar tulikuwa milioni 4.36, ya 2022 tukawa milioni 5.38, yani ndani ya miaka kumi watu milioni moja wameongezeka na wote wanataka pa kulala. Kitaifa takwimu inayotajwa kila siku na wakubwa ni upungufu wa nyumba milioni 3 na kila mwaka unaongezeka kama laki mbili. Sawa. Lakini panda daladala kutoka Tabata mpaka Kinyerezi, au nenda Kivule, Chamazi, Goba, Madale, uhesabu mapagale tu, utachoka kabla hujafika. Nyumba zipo jamani, zimeishia njiani. Tofali zipo, lenta ipo, zimekosa bati na milango, na zinapigwa mvua miaka nenda rudi huku watu tunagombania chumba kisicho na dirisha.

Kwanini zinaishia njiani? Kwa sababu huku kwetu nyumba haijengwi kwa mkopo, inajengwa kwa mfuko wa mtu, tofali mia mwezi huu, mchanga lori moja mwezi ujao, ada ya watoto ikiingia kati ujenzi unasimama. Mikopo ya nyumba ya benki ipo tangu sheria yake ya 2008, na ikaletwa mpaka kampuni ya kuzikopesha benki hela za kazi hiyo, lakini riba inacheza asilimia 13 mpaka 19 na wanataka hati na salary slip. Mama yangu mwenye nyumba anauza vitenge, salary slip ataitoa wapi, na eneo lake halijapimwa maana zaidi ya asilimia 70 ya watu wa mji huu tunaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Kwahiyo benki yake ni nani? Ni mimi. Ile laki tisa yangu ni mkopo, tena hauna riba, hauna dhamana, hauna fomu, na mkopeshaji anaomba apewe nafasi ya kukopesha. Hapo ndo miezi sita inapotoka. Sio roho mbaya (wapo wenye roho mbaya pia, nitawafikia siku nyingine), ni mtaji wa bati.

Na ndo maana naona tukipiga kelele ya "serikali ipige marufuku kodi ya miezi sita" tunapiga nusu ya kelele. Kuwe na sheria, nakubali. Tulikuwa nayo, ile ya 1984 ya kudhibiti kodi za pango, ilikuwa na mabaraza yake, ikafutwa 2005 na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wanamalizana wenyewe, na mnajua nani anamalizwa. Lakini ukiirudisha sheria kesho asubuhi bila kumpa yule mama njia nyingine ya kupata hela ya mbao, atafanya mambo mawili, ama atapokea miezi sita gizani bila risiti na mkataba uandikwe mwezi mmoja, ama pagale lake litabaki la kuku mpaka wajukuu. Nairobi wanalipa mwezi mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja, watu wa huku wanaipenda hiyo wanaitolea mfano sana, ila wakumbuke kule magorofa mengi ya kupangisha kajenga mwenye mtaji, huku kajenga mama wa vitenge.

Mimi pendekezo langu ni dogo na halina mkasi wa kukata utepe. Mtu mwenye pagale limefika lenta apate mkopo wa kupaua. Sio wa milioni 80, wa milioni tano, sita, saba, alipe kwa kodi ya vyumba vyenyewe vikishapangishwa, dhamana iwe ile leseni ya makazi (karatasi wanayopewa wenye nyumba za maeneo yasiyopimwa) au barua ya serikali ya mtaa na majirani wanaomjua, kama vikoba vinavyofanya. Na sharti liwe moja, vyumba vilivyopauliwa kwa hela hiyo kodi ni mwezi mmoja mmoja kwa miaka kadhaa. Hapo mwenye nyumba kapata bati, mpangaji kapumua, na hujanunua hata kiwanja kimoja kipya. Vyumba vinne kwa pagale moja, fanya hesabu mwenyewe kwa mtaa wako.

Najua mtasema serikali ijenge. Ijenge bwana, sijakataa. Magomeni Kota zilipozinduliwa Machi 2022 zikachukua kaya 644, na wale wazee waliobomolewa nyumba zao za zamani hapo walistahili kabisa, ila ni kaya 644 na wamesubiri miaka. Shirika la Nyumba lipo tangu 1962, nyumba nyingi za Kariakoo na Upanga zilizotaifishwa 1971 (wazee bado wanaziita za Msajili, yani Msajili wa Majumba aliyekuwa anazisimamia) ziko mikononi mwake, na zile mpya wanazojenga za kuuza bei yake yule dalali wa Tabata mwenyewe akiisikia anavua kofia. Jambo nililoliona lilifanya kazi ni Sinza. Miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia walipima viwanja, wakachonga barabara, wakaleta maji, basi, nyumba mtu kajijengea mwenyewe kidogo kidogo. Leo Sinza gari la kunyonya maji taka linaingia, zimamoto inaingia. Njoo kwetu Tabata ndani ndani huku uone, jeneza tu linapitishwa kwa kuinamishwa ubavu. Wakajaribu tena 2002 na vile viwanja 20,000, vikaenda kwa wenye hela, vingine vikakaa vichaka miaka mingi vinasubiri bei ipande. Na wasio na hela wakashuka mabondeni, Msimbazi huko, halafu kila masika tunawaona kwenye taarifa ya habari wamekaa juu ya paa tunauliza hivi hawa hawasikii.

Kingine kidogo ila kinaniuma, kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye luku, ukinunua umeme tu, ilianza buku saivi buku jero kwa mwezi. Mwenye jengo ni mama, anayenunua umeme ni mimi, mashine haijui tofauti. Kwahiyo nimemkopesha hela ya bati na namlipia na kodi ya nyumba yake, na bado jumapili ananigongea mlango kuniuliza kama friji langu nalizima usiku.

Basi mwezi wa pili fundi akaja. Kusema ukweli nilifurahi kuona zile mbao zinapanda, nikawa narudi kazini napitia nyuma kuangalia, kama mtu anayekagua mradi wake. Mpaka mwisho wa mwezi wa tatu bati zikawa juu, milango bado, madirisha bado, dalali yule yule keshaleta watu na vyumba vyote vinne vimelipiwa, miezi sita sita. Wa chumba cha mwisho alihamia mlango ukiwa ni kipande cha turubai.

Juzi mama katuma meseji. "Mwanangu kodi yako inaisha tar 30. Kuanzia awamu hii itakuwa 180 kwa sababu mazingira yameboreshwa."