Zege la Knossos: limeokoa kasri au limelipotosha?

Picha inayopigwa zaidi katika magofu ya Knossos, kilomita 5 hivi kusini mwa bandari ya Heraklion kisiwani Krete, ni ya nguzo nyekundu za lango la kaskazini, na mchoro wa fahali nyuma yake. Nguzo hizo ni za zege la karne ya 20. Fahali naye ni nakala. Vipande vyake vya asili viko Makumbusho ya Akiolojia mjini Heraklion. Ndiyo maana ugomvi juu ya kazi ya Arthur Evans, mwakiolojia aliyelichimbua kasri hilo na kulijenga upya kwa sehemu, haujaisha: je, mgeni anaonyeshwa kasri la Waminoa, watu wa kale wa Krete, au anaonyeshwa jinsi Mwingereza mmoja alivyoliwaza?

Wanaomtetea Evans wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Kuta za Knossos zilijengwa zikiwa na maboriti na nguzo za mbao ndani yake. Mbao ziliungua, na ghorofa za juu zikabaki zimeshikiliwa na kifusi tu. Evans alipoanza kuchimbua Machi 1900, kila tabaka la udongo lililoondolewa kwenye Ngazi Kuu liliacha mawe yakining'inia. Alijaribu kwanza mihimili ya mbao, ikaoza kwa mvua za majira ya baridi. Chuma kilikuwa ghali. Katika miaka ya 1920 akageukia zege lenye nondo, na hata Mkataba wa Athens wa mwaka 1931 uliruhusu zege litumike kwa busara katika kukarabati majengo ya kale. Kuna pia suala la jasi. Sakafu na viti vingi vya Knossos, kikiwemo kile cha Chumba cha Kiti cha Enzi, vimechongwa kwa jiwe hilo, nalo huyeyuka taratibu kwa maji ya mvua. Bila paa, chumba hicho kisingekuwa kama kilivyo leo.

Lakini kutegemeza ni jambo moja, na kubuni ni jingine. Ghorofa ambayo Evans aliiita Piano Nobile, jina la ghorofa kuu ya majumba ya Italia, imesimama zaidi juu ya makisio kuliko ushahidi. Michoro ya ukutani iliumizwa vivyo hivyo: vipande vya mchoro wa mchuma zafarani vilijazwa umbo la mvulana, na baadaye ikathibitika kuwa alikuwa nyani wa rangi ya buluu. Mkataba wa Venice wa 1964 unasema ukarabati uishie pale makisio yanapoanza. Kwa kipimo hicho, Knossos imevuka mpaka mara nyingi.

Zege lenyewe nalo linazeeka. Maji yakipenya, nondo hushika kutu, hutanuka, na kupasua zege kutoka ndani. Kulibomoa si suluhisho, kwa kuwa limeng'ang'ania mawe ya kale na litayang'oa. Kinachowezekana ni kuziba nyufa, kubadilisha nondo zilizooza, na kupunguza miguu ya watu. Ngazi Kuu imefungiwa wageni, nacho Chumba cha Kiti cha Enzi hutazamwa kutokea chumba cha mbele yake.

Kwa maoni yetu, zege la Ngazi Kuu linastahili kutetewa na lile la Piano Nobile halistahili. Mgeni anaweza kuyatofautisha akiangalia kwa makini. Mawe ya asili mara nyingi yana alama za waashi, hasa shoka lenye makali mawili. Zege lina pembe zilizonyooka mno na mistari ya mbao za fomu lilikomwagiwa, na maboriti yake yamepakwa rangi ya kuiga mbao. Fika lango linapofunguliwa asubuhi, kabla ya makundi ya meli za kitalii. Kivuli ni haba, na mzunguko wa makini huchukua saa 2. Makumbusho yafuate baadaye, ukiwa tayari unajua mchoro gani ulitoka ukuta upi.

Mwenye siku ya ziada aende Phaistos, kusini mwa kisiwa, ambako Waitalia chini ya Federico Halbherr walianza kuchimbua mwaka huohuo wa 1900 na wakajenga upya kidogo sana. Hapo kuta nyingi haziuzidi urefu wa mtu, na asiyeshika ramani atapotea. Makasri yote mawili yaliingia Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2025, na hatua hiyo inapaswa kuambatana na kitu chepesi kabisa huko Knossos: kibao kwenye kila chumba kilichojengwa upya, kikionyesha kwa rangi mbili kipi ni cha Waminoa na kipi ni cha Evans.