Mdoli wa Mazoezi Atoke Kabatini

Vyuo vya uuguzi ninavyovifahamu vina mdoli wa kufundishia huduma ya mtoto mchanga. Shida ni kwamba ufunguo wa kabati anao mtu mmoja, na ukimtafuta yuko kikaoni. Mdoli hutolewa wiki ya mtihani wa vitendo, au wageni wakija, kisha hufutwa vumbi na kurudishwa. Halafu tunashangaa mwanafunzi akifika leba mikono inatetemeka.

Hospitali ya Haydom, huko Mbulu mkoani Manyara, ilishatupa somo kuhusu jambo hili. Mwaka 2010 wahudumu wa pale walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, wakitumia mdoli anayejazwa maji ili awe na uzito wa kichanga. Walipopimwa baadaye kwa mdoli, walifanya vizuri zaidi. Lakini watafiti walipotazama kazi yenyewe leba, hakuna kilichokuwa kimebadilika. Ndipo yakaanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, ya dakika chache tu, palepale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Sasa niambieni, semina ya siku nzima yenye chai na vyeti inatusaidia nini ikiishia hapo?

Mtazame mwanafunzi anayeshika ambu, ule mfuko wa kuminya wa kumpulizia mtoto hewa, kwa mara ya kwanza. Anaweka maski usoni, anaminya, kifua hakiinuki. Anaminya kwa nguvu zaidi. Macho yake yako kwenye mkono unaominya, kumbe kosa liko mkono wa pili: maski imeteleza chini ya kidevu na hewa inatokea pembeni, au shingo ya mdoli imekunjwa. Akikiweka kichwa sawa na kubana maski upya, kifua kinapanda. Ila dakika ya kwanza, ile inayoitwa dakika ya dhahabu, imeshapita. Kwa mdoli, hilo si neno, anaanza upya. Wanaosema wodi ndiyo shule wana haki yao, lakini jaribio hilo la kwanza nisingependa lifanyikie kwa mwanangu, wala wa kwao.

Mimi mwenyewe nina ugomvi mmoja na mdoli: hana mama. Mtoto wa miaka miwili anayeharisha haji wodini peke yake. Anakuja na mama ambaye hajalala, na mara nyingi na bibi mwenye maoni yake. Mwanafunzi yuko anatafuta mshipa, huku anaulizwa, "Sista, mbona unamchoma tena?" Hapo ndipo hata aliyekuwa akipiga hesabu ya dozi kwa kilo bila kukosea anapotea.

Kwa hiyo mwanafunzi mmoja akalishwe kitini awe mama: alie, aulize, amnyang'anye muuguzi mtoto ikibidi. Mara ya kwanza darasa zima litacheka. Waacheni wacheke, kisha warudie. Na kwenye mtihani wa vitendo, kuzungumza na mama kupewe alama sawasawa na kuweka kanula, kile kijibomba cha mshipani. Wanafunzi wetu tunawajua, kisicho na alama hawakisomi.