Kosa letu hatukuwa ndugu

Mwaka wangu wa pili hapa Nottingham, England, tulipanga nyumba mtaa wa Lenton, watu watatu: mimi, rafiki yangu wa Bukoba niliyesoma naye Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kijana mmoja wa Kampala. Nyumba ya matofali mekundu, imebanana na wenzake mtaa mzima. Wiki ya tano mwenye nyumba akaja jioni, hakukaa hata kitako, akasema mmoja wetu ahame kabla mwezi haujaisha. Jirani amepeleka habari halmashauri. Kosa letu? Hatukuwa familia moja.

Nilidhani ni mambo ya rangi. Kumbe ni hesabu. England, nyumba wakiishi watu watatu hadi sita wasio na undugu, wanaotumia jiko na bafu kwa pamoja, inaingia kundi lake, mbali na nyumba ya familia. Sehemu nyingi za nchi mwenye nyumba anaweza kuihamisha kutoka kundi la familia kwenda hilo jingine bila kuomba kibali. Nottingham waliufunga mlango huo Machi 2012. Sasa lazima aombe, na maombi yakifika wanahesabu nyumba za wanafunzi zilizopo tayari jirani. Zikizidi asilimia 10, kibali hicho ni cha kubahatisha. Lenton ilishazidi zamani. Mwenye nyumba wetu alilijua hilo, akanyamaza, akapokea kodi.

Wapangaji wawili ruksa, wa tatu ndiye tatizo. Na lililonichekesha nilikuja kulijua baadaye: sheria yao ya nyumba ya 2004 inahesabu undugu mpaka kwa binamu. Binamu! Yule wa Bukoba na yule wa Kampala walikuwa wameshaanza kusikilizana kwa lugha za kwao, kweli wangekosa babu mmoja?

Aliyehama ni mimi. Leo nimerudi Lenton na mke na mtoto, na yule jirani mchongezi nimemwelewa. Juni ikifika wanafunzi wanaondoka kwa mkupuo, magodoro yanabaki barabarani, mtaa unakuwa kama umefiwa. Mwanangu hana wa kucheza naye. Tena nyumba ya wanafunzi watupu haitozwi kodi ya halmashauri, wakati mimi nalipa. Wenye nyumba wenyewe hawakai hapa, wengine hata mtaa hawaujui.

Sasa kaka yangu, mwenye nyumba Changanyikeni, jirani na Mlimani, ananitumia sauti za WhatsApp: na sisi tuweke sheria kama hiyo, wanachuo wametujaa mtaani, muziki usiku kucha. Kaka, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe.

Changanyikeni au Msewe, hata Ng'ong'ona kule nyuma ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mwanachuo anapanga chumba uani na mwenye nyumba yuko nyumba ya mbele. Muziki ukizidi, mama mwenye nyumba anatoka na kanga yake anagonga mlango. Ikishindikana kuna mjumbe. Chuo kikifungwa, mama ntilie na wa steshenari wanalia, ni kweli, lakini watoto bado wanacheza mpira pale pale. Mtaa haufi kwa sababu wenyewe hawajahama. Ukiwawekea wanafunzi asilimia, watakwenda wapi? Watarudi kubebana, wawili kitanda cha mmoja, mambo tuliyoyafanya hosteli ya Mabibo. Hosteli za Magufuli pale Mlimani zilifunguliwa 2017 kwa wanafunzi 3,840, na bado watu wanahangaika na madalali.

Cha kuiga kwa Waingereza ni futi kamba. Nyumba yenye wapangaji watano au zaidi wasio ndugu inahitaji leseni, na chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja kisipungue mita za mraba 6.51. Hapo ndipo ningependa serikali zetu za mitaa ziingie, maana kwetu hata stoo ikipigwa rangi inaitwa chumba, inadaiwa kodi ya miezi sita na dalali anachukua wa kwake.

Likizo iliyopita nililala kwenye kimoja cha vyumba sita vya kaka. Nilikipima kwa hatua: mbili kwa mbili, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Choo kimoja kwa vyumba vyote sita. Nimemwandikia juzi apime mwenyewe. Tiki za bluu zimeonekana, jibu bado.