Korsika haipimwi kwa kilomita

Naandika hii kabla hatujakata tiketi za feri, maana mwenzangu juzi kanitumia ratiba mpya ya safari yetu ya baiskeli, siku tano, kilomita mia mia kila siku, kuzunguka Korsika nzima, kile kisiwa cha Ufaransa kwenye Mediterania, nikashindwa kunyamaza. Tulishafanya ujinga huu mwaka juzi bana.

Tatizo Korsika kwenye ramani ni kadogo. Urefu kilomita 183, upana 83 hivi, unajisemea ah haka nakamaliza nikiwa napiga mluzi. Halafu unakuta katikati kuna Monte Cinto, mita 2,706, na bahari ipo pale pale chini, barabara haina pa kupita ila kupanda na kushuka na kupanda tena. Sisi mwaka juzi tulipanga kutoka mji wa Calvi pwani mpaka kijiji cha Evisa mlimani siku moja, karibu kilomita mia, tena mwezi wa saba, na programu ya simu ikatuchorea mstari wa bluu msafi kabisa kama wa kwenda dukani. Barabara ile ya pwani kutoka Calvi kushuka kusini ina viraka na kona mpaka unachoka shingo, maduka ni ya kuhesabu, na maji yetu yaliisha saa saba mchana. Tumefika kijiji cha Porto saa kumi na moja jioni, usawa wa bahari, miamba myekundu inawaka, watu wamekaa wanakula aiskrimu, na Evisa iko juu mita mia nane na ushee. Mwenzangu alikaa kwenye ukingo wa barabara, akavua viatu, akavipanga vizuuri pembeni kama mtu anayeingia msikitini, akasema mi siendi. Tulienda, lakini tumefika usiku, taa moja ya mbele kwa watu wawili, na mwenye nyumba tuliyokodi alishalala.

Sasa anayekwenda Korsika atakwambia mbona Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli, walipita. Ndio, 2013, mashindano ya mia moja yalianzia pale, na ilikuwa mara ya kwanza kabisa Tour kukanyaga kisiwa hicho. Porto-Vecchio mpaka Bastia kilomita 213, kesho yake Bastia–Ajaccio 156, siku ya tatu Ajaccio–Calvi 145 na nusu. Ile ya kwanza ndo basi la timu lilikwama chini ya geti la kumalizia huku waendesha baiskeli wanakuja mbio, Mjerumani Kittel akashinda siku hiyo, na mwisho wa yote Paris jezi ya njano ya mshindi akavaa Mwingereza Froome, mzaliwa wa Nairobi. Raha tupu kuangalia. Ila wale wana gari nyuma la kuwapa chupa na mtu wa kuwakanda miguu usiku. Wewe una begi la kilo kumi na mbili na soksi mbichi.

Kwa hiyo mi msimamo wangu ni huu, hatua ipangwe kwa mita za kupanda, kwa maji, na kwa kitanda, kilomita zitajijua zenyewe. Mita 1,200 za kupanda kwa siku na mzigo zinatosha kabisa, zikizidi hapo unaendesha kwa hasira. Kutoka Porto kupanda Col de Vergio, mita 1,477, kivuko cha mlimani chenye lami kilicho juu kuliko vyote kisiwani, ni zaidi ya kilomita 30 bila kupumzika. Aliyewahi kupanda Mombo kwenda Lushoto avute picha ile, halafu aongeze kama nusu yake. Ndo maana safari hii Evisa tunalala, asubuhi kukiwa na baridi tunamalizia Vergio, tunateremka korongo la Scala di Santa Regina mpaka mji wa Corte, na hapo kuna treni ya kurudi Bastia kama miguu imegoma. Nafasi za baiskeli ni chache, lakini zipo.

Na tuzunguke kinyume cha saa. Ufaransa unaendesha kulia, ukishuka pwani ya magharibi kwenda kusini bahari inakuwa upande wako, huna gari kati yako na maji. Wapo wanaoogopa maana ukuta wa pembeni ni mfupi, unafika magotini tu, wana haki yao.

Kingine, msitegemee simu kusoma vibao. Majina yako mawili, Kifaransa na Kikorsika, na la Kifaransa mara nyingi limepakwa rangi au limetobolewa kwa risasi, kwa hiyo Vergio unayoitafuta imeandikwa Verghju. Na pale juu msiegemeze baiskeli mkaenda kupiga picha. Nguruwe wanazurura wenyewe barabarani, mmoja alinifungulia begi, akala mkate wote wa unga wa chestnati na nusu ya pakiti ya glukosi, mi nampigia kelele yeye ananiangalia tu anatafuna.

Basi ratiba yangu ni siku saba, mwezi wa tano, kabla ya joto na magari ya watalii, raba mpya za breki kabla ya kupanda feri. Nimemtumia. Kajibu sawa, ila eti siku ya sita tuongeze Bavella, kivuko kingine cha mlimani, mita 1,218 tu. Hiyo "tu" yake nimeiona.